Atalalia Sikio Gani?

"Sasa akilala, atalalia sikio gani?"

Hapo zamani, katika mtaa wa Mzambarauni, Kazija aliuliza swali hilo siku binti yake Arafa alipotogwa masikio. Aliliuliza kwa sauti ya kusikika kabisa. Masikio yote mawili yalikuwa yametoka kupitishwa sindano, mtoto hajui hata kujigeuza, nyumba imejaa wanawake wanaojua kila kitu, na hakuna aliyemjibu. Si kwamba walimpuuza kwa ubaya. Walikuwa wanapiga vigelegele. Na mtu anayepiga kigelegele hasikii swali, hasa likiwa la mzazi mchanga aliyekaa pembeni ya mkeka, kanga yake imelowa maziwa.

Basi tuliache swali hapo hapo lilipoachwa. Tutalirudia.

Mtaa wa Mzambarauni ulikuwa na desturi yake. Mtoto wa kike akishatogwa, havishwi hereni siku ile. Anatiwa uzi mweusi, uzi unafungwa kitanzi, anaachwa mpaka matundu yapone. Yakishapona, visheti vinapikwa, majirani wanaitwa, na mtu mmoja, mmoja tu, anamvisha mtoto hereni za dhahabu. Kisha anamwinamia na kumnong'oneza jina. Si jina la kuzaliwa. Ni jina la kubembelezewa, na aliyelinong'ona ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kuliita. Huyo anaitwa mtu wa sikio. Mtoto akigombezwa kwao, hukimbilia kwa mtu wake wa sikio. Akiposwa, mtu wa sikio huulizwa. Akikosa pa kwenda duniani, kwa mtu wake wa sikio hakosi pa kulala.

Na desturi ilisema awe nani? Ilisema: aliyeyaponya. Basi, neno moja. Waliolitunga neno hilo walikwenda zao makaburini wakiamini wameliweka wazi.

Aliyetoga alikuwa Bi Shemsa, mama mkwe wa Kazija. Bi Shemsa alikuwa ametoga karibu kila sikio la kike mtaani pale. Aliipitisha sindano motoni, akaiacha ipoe. Akamtia mtoto alama ya wanja kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, huku na huku. Akarudi nyuma. Akafumba jicho moja. Akatazama kama fundi anayetazama kama fremu ya mlango imesimama wima. Akafuta alama ya kushoto, akaitia upya, chini kidogo.

"Mama, zilikuwa sawa," Kazija alisema.

"Kwako zilikuwa sawa. Siku akiwa bibi harusi ungeniletea mashitaka."

Akasema bismillahi. Arafa akalia mara ya kwanza kwa maumivu na mara ya pili kwa hasira, na kazi ikawa imekwisha. Uzi ukapita, fundo likafungwa, likakazwa.

Na baba mtoto? Vuai alikuwa mshona kofia. Kutwa kucha kazi yake ilikuwa kutoboa kitambaa kwa sindano na kukizungushia uzi, vitobo juu ya vitobo, mpaka kofia ikawa kama sega la asali. Lakini vitobo viwili vya mwanawe vilimshinda kuvitazama. Alisema anakwenda dukani kununua chumvi. Alirudi kilio kikiwa kimenyamaza, na mikono yake mitupu.

"Chumvi iko wapi?" dada yake Riziki alimuuliza.

"Duka limefungwa."

"Duka la nani limefungwa? Mwenye duka si huyu hapa, Bi Mize, anakunywa chai yetu?"

Bi Mize akainua kikombe kumwonyesha. Vuai akaenda kukaa uani.

Huyo Riziki, wifi yake Kazija, ndiye aliyeichukua kazi ya kuyatunza. Hakujaaliwa mtoto, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uchochoro. Asubuhi alichemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yapoe, akavuka nayo kwenye bakuli lililofunikwa. Jioni vilevile. Alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Alikuwa na kitambaa cha bafta nyeupe anachokifua kila siku. Alilowesha, akagandua ukoko mbele na nyuma ya sikio, polepole, akiimba wimbo usio na maneno, kisha akausogeza uzi kidogo usigandane na nyama. Ole wake aliyesogeza kidole.

"Umenawa?"

"Mimi ni bibi yake!" Bi Shemsa alisema.

"Nimeuliza umenawa, Mama, sijauliza wewe ni nani."

Sasa turudi kwenye swali. Usiku wa kwanza Kazija alimlaza Arafa ubavu wa kulia, akapiga kelele. Akamgeuza kushoto, akapiga kelele zaidi. Akamlaza chali, kichwa kikabiringika chenyewe mpaka sikio likagusa mto. Kazija akaketi. Akaegemeza mgongo ukutani, akamsimamisha mtoto kifuani, pua ya mtoto shingoni mwake, masikio yote mawili hewani. Arafa akashika kanga kwa vidole vyake vyote, akalala wima kama popo. Na ndivyo walivyolala kuanzia siku ile, mtoto amesimama, mama ameketi. Kazija akawa anamwita Kipopo, kimoyomoyo, maana hakuwa na haki ya kumpa jina la kubembelezewa. Kulipokucha, shingo yake haikugeuka. Mchana akasinzia juu ya ungo wa mchele.

"Wazazi wa siku hizi," walisema waliopita, "usingizi, usingizi!"

Usingizi! Laiti wangejua ladha yake alivyoisahau.

Ikaja asubuhi moja. Riziki alifunua bakuli lake, akamshika mtoto, akanyamaza kuimba. Sikio la kushoto lilikuwa jekundu na la moto. Limevimba hata kitanzi cha uzi kimezama kwenye nyama, kimebaki kijistari cheusi. Arafa alilia kabla hajaguswa.

"Fundo hilo!" Riziki alisema. "Mama, ulilikaza kama unafunga gunia. Sikio likivimba kidogo litakwenda wapi?"

Bi Shemsa akainama kunusa. "Na hii harufu? Umempaka nini?"

Riziki akakunja kile kitambaa. "Mafuta ya udi. Juzi tu. Kidogo. Nilitaka anukie, walikuwa wanakuja wageni."

"Anukie! Jeraha linukie!"

"Nami jana nilipitiwa," Kazija alisema. "Nilipozinduka alikuwa ameteleza, amelilalia hilo hilo."

Wakatazamana, wanawake watatu, kila mmoja na lake. Riziki akasema uzi uvutwe utolewe. Bi Shemsa akasema ukitolewa tundu litaziba, na nyama iliyovimba hivyo haitogwi tena mwaka huu. Mtoto analia. Hapo Vuai akaingia kutoka uani, mikono inamdondoka maji na povu. Alikuwa amekwisha chemsha mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, na uzi mpya mwembamba wa hariri. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu.

"Mshikeni kichwa," alisema.

"Wewe?" Riziki alisema. "Wewe uliyekimbia?"

"Dada, mshike kichwa."

Akakata fundo bila kulivuta. Hakuutoa uzi wa zamani. Alichukua ncha yake moja, akaiunganisha na uzi mpya, kisha akavuta ncha ya pili kidogo kidogo, kama mtu anavyobadilisha kamba kwenye suruali. Wa zamani ukatoka, mpya ukaingia nyuma yake, na tundu halikukaa tupu hata kwa pumzi moja. Akaufunga kitanzi kilegevu ambamo hata kidole cha Arafa kingepita. Kisha akatoka nje, wakamsikia anatapika nyuma ya banda la kuku.

Riziki akarudi kwenye maji yake ya chumvi, asubuhi na jioni, bila udi. Kazija akarudi ukutani. Wekundu ukafifia, uvimbe ukashuka, mpaka siku moja Riziki aliusogeza uzi, Arafa akacheka.

Maji ya chumvi hayakuhitajika tena, visheti vikapikwa.

Siku ya hereni, ukumbi ulijaa. Hereni zilikuwa mbili ndogo za mviringo kwenye kisahani cha kauri. Arafa, katika gauni lenye mikunjo mingi kuliko mwili wake, alipakatwa na Bi Mize, kwa kuwa Bi Mize hakuwa na dai lolote.

"Haya, nani anavisha?" Bi Mize aliuliza. "Visheti vinapoa."

Bi Shemsa akanyoosha mkono. Riziki akanyoosha mkono. Mikono ikakutana juu ya kisahani. Na kutoka mlangoni, Vuai akakohoa.

"Nami nina neno."

"Leo makubwa," Bi Mize alisema. "Semeni. Mama aanze."

Bi Shemsa akajiweka sawa. "Kupona kunaanzia kwenye tundu. Tundu likipinda, likipanda juu, likisogea ukingoni, hata mkilikanda kwa asali hereni itaning'inia kama imechoka. Nendeni mkachukue uzi, mpime masikio haya. Yako sawasawa. Nimewatoga ninyi nyote. Wewe Mize nimekutoga, ulinipiga teke la kifua. Na siku ya hereni mnanipa sukari na kanga, ahsante Bi Shemsa, nenda zako. Hakuna hata mtoto mmoja mtaa huu anayenikimbilia mimi. Macho yangu yanakwisha, sitatoga tena. Huyu ni wa mwisho, na ni damu yangu."

Watu wakasema, "Haki yake."

Riziki akasema, "Mama, tundu ni lako, sikunyang'anyi. Lakini desturi haikusema aliyetoboa, imesema aliyeponya. Aliyeosha asubuhi nani?"

"Riziki," watu wakajibu.

"Aliyeosha jioni nani?"

"Riziki!"

"Mvua ikinyesha, aliyevuka uchochoro na bakuli chini ya kanga nani?"

"Riziki!"

"Na aliyempaka udi nani?" Bi Shemsa akauliza.

Riziki akainamisha kichwa. "Mara moja, Mama."

"Mara moja ilitosha."

"Ilitosha," Riziki alisema, na sauti yake ikashuka. "Nimekosea kwa kupenda. Lakini tazameni uchochoro wangu. Watoto wa watu wanaupita mbio kwenda nyumba nyingine. Nataka mmoja tu asimame mlangoni kwangu aseme, wamenigombeza kwetu."

Watu wakasema, na baadhi walifuta macho, "Haki yake."

Vuai akasema, "Aliyetoga alitoga, aliyeosha aliosha. Lakini asubuhi ile wote mlikuwa mmekwama. Mmoja anasema toa, mmoja anasema usitoe. Mngeuvuta uzi, leo Arafa angekuwa na sikio moja la hereni na moja la kovu. Nani alilirudisha?"

"Na chumvi je?" Bi Mize akauliza. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Chumvi sikununua," Vuai alisema. "Nilikimbia. Sijui kama mnajua kazi ya mtu kurudi mahali alipopakimbia."

"Lakini mwanamume kuwa mtu wa sikio, tumesikia wapi?" watu wakauliza.

"Na mwanamume kubadilisha uzi sikioni, mlisikia wapi? Mbona siku ile hamkuuliza?"

Hapo hawakucheka. Wakasema, "Naye ana haki yake."

Ndipo Kazija akasema, "Na mimi?"

Wakamgeukia wote kwa tabasamu, kwa upendo wa kweli. Bi Shemsa akamgusa goti. "Wewe ni mama yake."

"Ndiyo, Mama."

"Basi."

Hilo "basi" litazameni vizuri. Halikuwa jibu. Hakuna hoja iliyotolewa, hakuna kosa lililotajwa. Aliyetoga aliulizwa, aliyeosha aliulizwa, hata aliyekimbia na kurudi aliulizwa. Yeye alifungiwa mlango kwa upole, kama mtu anavyowafungia kuku jua linapozama. Na desturi haikusema popote kwamba mama haruhusiwi. Hakuna aliyewahi kukataza, maana hakuna aliyewahi kuomba.

Kazija akasimama. "Siku ile niliuliza, atalalia sikio gani. Nani anakumbuka?"

Hakuna aliyekumbuka.

"Hajalalia sikio lolote. Amelala hapa." Akajipiga kifuani. "Mimi nimekaa, yeye amesimama. Wifi, maji yako yana asubuhi na jioni. Katikati yake ni nani? Uzi ungekwama kwenye mkeka, ukang'oka, tundu likaziba. Mama ungetoga upya, wifi ungeosha hewa, Vuai ungebadilisha uzi upi? Mliponiona nasinzia juu ya ungo mkaniita mvivu. Siku moja nilipitiwa. Nimelisema mwenyewe kabla sijaulizwa. Lakini msiihesabu siku niliyolala mkaacha kuhesabu zote nilizokesha."

Vuai akamtazama mkewe kama anayeiona shingo yake kwa mara ya kwanza.

Bi Shemsa hakukasirika. Alijibu taratibu, na jibu lake lilikuwa zito. "Mwanangu, kuna mama hapa ambaye hakukesha? Tukisema aliyekesha ndiye, kuanzia leo kila mtoto mtu wake wa sikio atakuwa mamake, na desturi tumeizika. Arafa anaye mama. Mtu wa sikio ni wa pili. Ni wa siku ambayo wewe hupo. Na wewe hilo unalijua kuliko sisi sote."

Naam, alilijua. Kazija alikuwa mdogo wa kufika kiunoni mama yake alipofariki. Watu wazima walikaa barazani wakijadili apelekwe kwa nani. Bi Mwanapili, jirani tu, hata si ndugu, alikuja na kanga moja mkononi. Hakusalimia baraza. Alichungulia chumbani, akasema, "Kichiriku, twende kwetu." Majadiliano yakaishia hapo, kwa kuwa Bi Mwanapili alikuwa mtu wake wa sikio. Tangu azikwe, hakuna tena aliyemwita Kazija kwa jina hilo.

Kazija akakaa. Kila mtu akadhani yamekwisha. Bi Shemsa tayari ameshanyoosha mkono.

"Mama," Kazija alisema, "kama mtu wa sikio ni wa siku ambayo mimi sipo, mbona wote mnadai kwa yale mliyoyafanya siku ambazo nipo?"

Mkono wa Bi Shemsa ukabaki juu ya kisahani. Vuai akatazama sakafu. Swali la pili la Kazija nalo likakosa wa kulijibu, ila safari hii walau wote walikuwa wamelisikia.

"Shhh," Bi Mize akasema. "Tazameni."

Arafa alikuwa amechoka na kelele zao. Bi Mize akamlaza mkekani, chali, kwa tahadhari, na Kazija tayari amenyanyuka kumwahi. Mtoto akakunja mguu. Akajisukuma. Akajigeuza mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaangukia ubavu wa kushoto, sikio chini kabisa ya kichwa, lile lile lililovimba. Hakulia. Akavuta pumzi ndefu, akalala.

Kazija akabaki amenyoosha mikono mitupu.

Sasa hereni ziko kwenye kisahani, na mikono minne imekizunguka. Bibi aliyenyoosha tundu na kukaza fundo. Shangazi aliyeosha bila kukosa na kupaka udi. Baba aliyekimbia sindano na kurudi na mkasi. Mama aliyekesha mpaka shingo ikagoma, ambaye jina la Kipopo limo kinywani mwake na hajalitoa.

Je, nani alistahili?

Usiniambie wote wanne. Hereni ni mbili, lakini mnong'ono ni mmoja. Usiniambie tumngoje mtoto akue achague mwenyewe. Matundu hayangoji, na visheti vimekwisha poa. Taja mtu mmoja, useme na sababu yako. Ila tafadhali, sema polepole. Mtoto kalala.